Kifuniko Angavu cha Amplifaya ya Zamani ya Gari: Dalili, Chanzo na Tiba

Bati la chini la amplifaya ya zamani halikuwekwa pale kwa ajili ya vumbi tu. Mara nyingi lilizuia mawimbi ya umeme yasitoke wala kuingia, liliunganisha bodi ya saketi na ethi (upande hasi wa umeme wa gari), lilibana vipande vikae mahali pake, na kwenye baadhi ya mashine liliongoza hewa ya feni. Ukilivua na kuweka paneli ya plastiki angavu ya akriliki yenye jina lililochongwa kwa leza, kazi zote hizo zinabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana malalamiko mengi ya "paneli mbovu" hayana uhusiano na paneli yenyewe, na mengi ya "amplifaya imechoka" yameletwa na paneli.

Mashine zinazozungumziwa hapa ni za miaka ya 1980 na 1990, zama za chapa kama Orion, Phoenix Gold, Precision Power, Rockford Fosgate, Soundstream na Linear Power. Wapenzi wa magari ya maonyesho walizoea kuzifunga kifudifudi, tumbo juu, ili bodi ionekane. Mtindo huo umerudi, safari hii ukiwa na leza na taa za LED.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa fyuzi kuu iliyo karibu na betri, kisha uiache amplifaya itulie. Kapasita za ndani hubaki na chaji, na kwenye mashine yenye nguvu tofauti kati ya reli chanya na reli hasi (njia za umeme za ndani ya amplifaya) inaweza kufika volti 70 au 80. Pima kwa multimita kabla ya kuingiza bisibisi.

Bati likiwa bado limefungwa, pima ukinzani kati ya bati na tundu la ethi, halafu kati ya bati na ganda la nje la soketi za RCA (zinazopokea sauti kutoka redio). Andika namba hizo mahali. Utazihitaji siku kelele itakapotokea, na wengi huzikumbuka bati likiwa tayari limetupwa.

Kuhusu kutupa: usilitupe, na usilikate ili kupata dirisha. Amplifaya ya zamani isiyo na bati lake hupoteza thamani. Zaidi ya hapo, bati ndicho kifaa bora cha uchunguzi ulicho nacho. Dalili yoyote ya sauti au joto ikitokea, rudisha bati na ujaribu tena kwa wimbo uleule na sauti ileile. Dalili ikipotea, chanzo ni paneli au kazi ambayo paneli haifanyi. Ikibaki, acha paneli na uangalie mashine. Jaribio hilo dogo huokoa fedha nyingi za fundi.

Mchongo hautoki mweupe

Herufi zinatoka angavu, laini, zenye ute ulioganda pembeni, na kwa mbali hazisomeki kabisa. Mara nyingi kosa liko kwenye ubao wa akriliki, mashine ya leza haina hatia. Akriliki ziko za aina mbili. Iliyomiminwa kwenye kalibu hutoa mchongo mweupe wenye ukavu wa barafu. Iliyosukumwa kwa mashine ya kuvuta shiti huyeyuka kabla ya kugeuka mvuke, kwa hiyo mchongo wake hubaki angavu na ukingo hubaki na nyuzi za plastiki. Kwa macho mbao hizo mbili hazitofautiki. Tofauti huonekana kwenye kona ya kipande kilichobaki: chonga mraba mdogo, au kata kwa msumeno uone kama unga unatoka mkavu au unanata. Venia (kifaa cha kupimia unene) nayo husaidia, maana shiti ya kusukumwa huwa na unene uleule kila mahali, wakati ya kumiminwa hutofautiana kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mchongo ukitoka wa manjano au kahawia wenye masizi, hiyo si akriliki, ni polikaboneti. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika na huvumilia joto zaidi, lakini chini ya leza ya kaboni dioksidi huungua. Ukiitaka kwa sababu ya uimara wake, ichonge kwa ncha inayozunguka.

Ikiwa leza haiachi alama yoyote, uliza ni ya aina gani. Leza za dayodi za rangi ya buluu, za nanomita 450 hivi, hupita ndani ya akriliki angavu bila kusimama. Leza ya kaboni dioksidi, ya mikromita 10.6, humezwa na akriliki papo hapo. Mwenye dayodi hulazimika kupaka rangi nyeusi juu ili joto lipate pa kushika, na matokeo hayafanani.

Onyo moja halina mjadala: plastiki angavu usiyoijua asili yake usiitie kwenye leza. PVC ikichomwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayoumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Na akriliki yenyewe hushika moto, kwa hiyo mtu asiiache leza ikikata peke yake.

Ukiwa na ubao sahihi na bado mchongo umefifia, punguza nguvu na uongeze mwendo. Wengi hufanya kinyume. Nguvu kubwa huyeyusha, na kilichoyeyuka hurudi kuwa angavu. Nafasi ya milimita 0.1 kati ya mistari inatosha kwa maandishi.

Nyufa nyembamba kama nywele, zimetokea baada ya kufuta

Hii ndiyo dalili inayovunja watu moyo kuliko zote, kwa sababu paneli ilikuwa nzuri hadi dakika ile ilipopanguswa. Nyufa huanzia kwenye ukingo uliokatwa, kwenye tundu, au kuzunguka mchongo mzito, na huingia ndani milimita kadhaa.

Vitu viwili vimekutana: mkazo ndani ya plastiki na kimiminika kinachoushambulia. Mkazo huletwa na leza yenyewe. Ukingo uliyeyuka, ukapoa ghafla, ukataka kusinyaa huku ubao uliobaki ukiuzuia. Kimiminika ni spiriti, alkoholi ya kusafishia bodi, thina, asetoni, au dawa ya kioo yenye amonia. Kila kimoja peke yake huenda kisifanye kitu. Vikikutana, plastiki hupasuka.

Kuna mshtakiwa wa tatu asiyetiliwa shaka: gundi ya kuzuia skrubu zisilegee. Fundi wa gari huipaka kwa mazoea kwa kuwa gari hutikisika. Gundi ya aina hiyo isipokauka yote huingia kwenye akriliki na kuipasua kuanzia kwenye tundu, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kazi kukabidhiwa. Tumia washa au nati yenye pete ya nailoni badala yake.

Nyufa zilizokwisha kutokea hazirudi nyuma. Kata paneli nyingine, na safari hii itulize kwa joto kabla haijaguswa na rangi au kisafishio. Iweke bapa kwenye oveni yenye nyuzi 80 za Selsiasi kwa saa kadhaa, muda ukiongezeka kadiri ubao unavyokuwa mnene, kisha izime na uache mlango umefungwa hadi ipoe yenyewe. Haraka katika kupoza hurudisha mkazo uleule uliotaka kuutoa. Weka kipimajoto chako ndani, usiamini kitufe cha oveni: akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100, na shiti ya kusukumwa hulegea mapema zaidi. Toa karatasi ya kinga kwanza, la sivyo gundi yake itaungana na ubao.

Kung'arisha ukingo kwa moto hupendeza, lakini huongeza mkazo palepale ambapo upo tayari. Kwa paneli itakayofungwa skrubu mimi siupendi. Msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 1,200, kisha dawa ya kung'arishia plastiki: kazi ni ndefu, ukingo ni salama. Na kwa usafi wa kila siku, maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha nyuzinyuzi. Hakuna kingine.

Imepasuka kwenye skrubu

Ufa mmoja, mnene, unaoanzia tunduni kwenda ukingoni. Hapa hesabu inaeleza kila kitu. Akriliki hutanuka mara tatu hivi kuliko alumini. Chukua paneli ya milimita 400 iliyofungwa ikiwa na nyuzi 20, kisha amplifaya ikapanda hadi nyuzi 70. Akriliki itataka kurefuka milimita 1.4, alumini iliyo chini yake milimita 0.46. Karibu milimita nzima haina pa kwenda. Kama matundu yamebana skrubu, kitakachoachia ni plastiki.

Toboa matundu makubwa. Skrubu ya milimita 3.5 ipewe tundu la milimita 5, na washa pana ya nailoni au silikoni ifunike nafasi iliyobaki. Epuka washa za PVC laini, kwa kuwa mafuta yanayoilainisha huhamia kwenye akriliki na kuleta zile nyufa nyembamba. Kaza hadi washa iguse, kisha robo mzunguko, basi. Skrubu yenye kichwa cha koni ndiyo mbaya kuliko zote: kila unapoikaza inapanua tundu kwa nguvu. Kama bati la asili lilitumia skrubu za koni, nunua zenye kichwa bapa chini, hata kama mwonekano utabadilika kidogo.

Ufa mfupi unaozunguka tundu, bila kufika ukingoni, mara nyingi umetoka kwenye drili. Ncha ya kawaida ya kutobolea chuma huuma plastiki na kuivuta juu inapotokea upande wa pili. Tumia ncha ya ngazi, weka kipande cha mbao chini, au acha leza itoboe matundu yote. Umbali wa tundu hadi ukingo usipungue mara mbili ya kipenyo cha tundu.

Ukungu

Kuna ukungu wa aina mbili, na kuzichanganya ni hatari.

Wa kwanza uko kuzunguka herufi tangu paneli ilipotoka kwenye leza. Ni mvuke wa akriliki uliotua na kuganda. Unazuilika kwa kuacha karatasi ya kinga juu wakati wa kuchonga, kwa feni ya kuvuta moshi yenye nguvu, na kwa kupunguza hewa inayopulizwa na pua ya leza ili isisukumie mvuke kwenye uso wa ubao. Ukishatua, jaribu maji ya sabuni na brashi laini mapema iwezekanavyo. Ukungu mweupe uliokuja baada ya kubandika kitu kwa supagundi ni mvuke wa gundi, na unahitaji kung'arishwa.

Wa pili hutokea upande wa ndani wiki au miezi baadaye, mara nyingi juu ya eneo moja. Huo usiufute kwanza. Angalia uko juu ya nini. Ukiwa juu ya kapasita kubwa, na hasa kukiwa na harufu kama ya samaki, kapasita inavuja. Tazama kama kichwa chake kimevimba au kama kuna unyevu miguuni. Gundi ya manjano iliyowekwa kiwandani kushikilia vipande nayo hugeuka kahawia kwa joto la miaka, na ikifika hapo huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipande vilivyo karibu. Bati lingekuficha hayo yote hadi mashine ife. Kwa upande huu paneli angavu imekufanyia kazi nzuri: piga picha ya ukungu ulivyokaa, kisha umpelekee fundi wa bodi.

Ukungu wa maji unaokuja asubuhi na kutoweka mashine ikipata joto ni unyevu wa gari. Acha upenyo mdogo wa hewa pande mbili, usizibe kwa silikoni pande zote.

Mwanga wa LED hauenei

Mwanga ukishaingia kupitia ukingo wa akriliki hautoki kirahisi kwenye nyuso zake. Ukigonga uso kwa mlalo wa kutosha hurudishwa ndani, tena na tena, hadi ukutane na mchongo, ambao ukwaruzo wake huutawanya nje. Hapo ndipo jina linapowaka huku ubao ukibaki angavu. Lakini ubao hauna akili ya kutofautisha jina na mkwaruzo. Alama za vidole, vumbi na mabaki ya gundi ya karatasi vyote huwaka, na ndiyo sababu paneli iliyoonekana safi mchana hutia aibu usiku.

Ukiona vidoa vikali ukingoni na katikati pamefifia, taa ziko mbalimbali mno au mchongo umeanza karibu mno. Kanuni yangu ni kwamba mchongo usianze kabla ya umbali ulio sawa na nafasi kati ya taa na taa. LED zikiwa kila milimita 15, milimita 15 za mwanzo ziachwe tupu. Kama upande wa mbali ndio uliofifia, mulika kutoka kingo mbili zinazokabiliana, au bandika utepe mweupe unaorudisha mwanga kwenye ukingo wa mbali. Mwenye subira anaweza kuchonga kwa vidoa: vichache upande wa taa, vingi upande wa mbali. Kina cha robo hadi nusu milimita kinatosha.

Ukingo unaopokea mwanga uwe umeng'arishwa, na LED ikae karibu kabisa bila kubandikwa kwa gundi ya kumwagika. Usibandike chochote kwenye uso wa paneli pia. Fremu, stika na hata utepe wa pande mbili huvuta mwanga utoke pale ulipogusa. Acha nafasi ndogo ya hewa.

Swali huja mara kwa mara kama herufi zinaweza kujazwa rangi na pia kumulikwa. Zinaweza, lakini rangi humeza mwanga mwingi na matokeo huwa nusunusu. Chagua moja. Kwa gari linaloonyeshwa mchana, rangi ya maji ya akriliki ndani ya mchongo hushinda LED yoyote, hasa pale herufi zinapokaa juu ya bodi yenye vipande vingi. Rangi za kupuliza zenye thina ziepuke, kwa sababu ile ya nyufa.

Taa zikifa moja baada ya nyingine, lawama iende kwenye volti. Mkanda wa LED wa "volti 12" umepangiwa volti 12 kweli, wakati gari likiwaka hutoa karibu 14.4. Tofauti inaonekana ndogo. Fanya hesabu: LED tatu nyeupe mfululizo hula volti 9.6. Kwenye volti 12 zinabaki 2.4 kwa rezista, kwenye 14.4 zinabaki 4.8. Mkondo umeongezeka mara mbili. Ukitengeneza mwenyewe, rezista ya omu 270 kwa kila LED tatu itakupa miliampea 18 hivi injini ikiwaka. Ukitumia mkanda wa dukani, weka kidhibiti volti kabla yake.

Umeme wa taa utoke kwenye waya wake wenye fyuzi ya ampea 1, ukiwashwa na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoamriwa na waya wa rimoti, ule wa kuiwasha amplifaya, kutoka redio. Unganisha dayodi kati ya ncha mbili za koili ya rilei. Waya wa rimoti wenyewe ni wa ishara, haukutengenezwa kubeba mizigo, na redio ya zamani ikiungua pato hilo ni shida kuitengeneza. Usiibe umeme kutoka reli za ndani ya amplifaya hata kama ziko karibu kiasi gani na taa.

Mluzi, mvumo, na redio iliyopoteza stesheni

Anza kwa kuzima taa. Kelele ikiondoka papo hapo, ni saketi ya taa. Mara nyingi ni kifaa cha kupunguza mwanga, ambacho huwasha na kuzima LED mara mamia au maelfu kwa sekunde. Kitoe uweke rezista ya kupunguza mkondo, au kipeleke mbali na waya za RCA. Waya za taa zisipite sambamba na RCA hata kwa urefu wa mkono. Zikilazimika kukutana, zikatize kwa pembe mraba.

Kelele ikibaki na ikawa mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini, rudi kwenye zile namba ulizoandika. Kwenye baadhi ya mashine, skrubu ya bati hupita kwenye nguzo ya bodi na ndiyo inayounganisha ethi ya bodi na mwili wa amplifaya. Bati likitoka, muungano nao umetoka. Pima tena kati ya mwili wa mashine, tundu la ethi na ganda la RCA. Namba iliyokuwa sehemu ya omu ikiwa sasa haina mwisho, umepata chanzo. Rudisha muungano kwa kipande cha waya mfupi mnene chenye kishikizo cha pete, kutoka nguzo ileile hadi kwenye mwili. Kama mwanzoni namba ilikuwa kubwa, usiunganishe kwa nguvu. Watengenezaji wengine walitenganisha ethi ya ishara na ya umeme makusudi, na ukiziunganisha utaleta mluzi ambao haukuwapo.

Dalili ya tatu ni ya redio. Stesheni za AM zinamezwa na mkoromo amplifaya ikiwashwa, FM za mbali zinachafuka. Ugavi wa umeme wa ndani ya amplifaya hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na vizidishio vya masafa hayo huangukia katikati ya bendi ya AM. Bati lilikuwa ukuta. Akriliki kwa mawimbi hayo ni nafasi tupu. Uthibitisho: leta redio ndogo ya betri karibu na paneli, isikilize, kisha funga bati na usikilize tena.

Tiba nzuri ni kutokufungua tumbo zima. Tengeneza fremu ya alumini inayofunika upande wa transfoma na koili, iunganishwe na mwili kwa skrubu zake zote, halafu dirisha la akriliki libaki juu ya eneo la kuvutia. Wavu mwembamba wa shaba kati ya shiti mbili nao husaidia ukiunganishwa na mwili pande zote, ila huharibu mwonekano wa bodi na mwanga wa mchongo. Kwa gari la maonyesho lisilosikiliza AM, kusema kweli, wengine huamua kuishi na kelele hiyo, na sioni ubaya.

Amplifaya inajizima

Ilikuwa inapiga jioni nzima, sasa inazima baada ya muda mfupi, inarudi ikipoa. Nyingi za mashine hizi hujilinda chuma cha kupozea kikikaribia nyuzi 80 au 90. Paneli imechangia kwa njia moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni namna ilivyofungwa. Amplifaya ikigeuzwa kifudifudi, mapezi ya kupozea huelekea chini na joto lake hukosa njia ya kupanda. Inua mashine kwa nguzo za angalau milimita 25 na upeleke feni ndogo chini yake. Ya pili ni feni ya ndani iliyokuwa ikisukuma hewa kwenye njia iliyofungwa na bati. Paneli iliyokatwa matundu ya mapambo juu ya feni hutoa hewa njiani kabla haijafika kwenye mapezi.

Ya tatu ndiyo inayoua mashine. Chukua bati la asili uligeuze. Kuna alama za kubanwa? Pedi ya mpira? Mkunjo unaoingia ndani? Basi bati lilikuwa linasukuma bodi au vibanio ili transista ziushike ukuta wa chuma. Akriliki ya milimita 3 hupinda badala ya kusukuma, transista hulegea kidogo, na joto hukosa pa kwenda ingawa chuma cha nje kinabaki baridi. Kwa hiyo mashine inayoungua transista bila kupata joto kwa nje itiliwe shaka hapa kwanza. Rudisha mgandamizo kwa kipande cha alumini chini ya paneli, kikifungwa kwenye matundu yale yale.

Usidanganywe na wati zilizoandikwa. Orion 225 HCCA ilitangazwa kwa wati 25 kila upande kwenye omu 4, ilhali iliundwa kuendesha mizigo ya omu ndogo sana na kutoa nguvu kubwa zaidi. Joto lake hufuata mzigo uliofungiwa.

Joto likishafika kwenye paneli yenyewe, utaiona imejipinda kuelekea bodi. Acha angalau milimita 10 juu ya koili na rezista za nguvu. Paneli iliyojipinda hata kabla ya kufungwa imechongwa sana upande mmoja, au imemeza unyevu upande mmoja tu. Iache wazi pande zote mbili siku mbili tatu kabla ya kuihukumu.

Herufi pacha na mistari

Herufi yenye kivuli cha pembeni ukiwa karibu: angalia kwanza kama kivuli kinahama ukisogeza kichwa. Kikihama, ni taswira ya mchongo kwenye uso wa pili wa ubao. Chonga kwa nyuma, kwa maandishi yaliyogeuzwa, na kivuli kitapungua. Kisipohama, leza inachonga ikienda na ikirudi bila kulingana: rekebisha fidia ya mwendo kwenye programu, kaza mkanda, au chonga upande mmoja tu. Mistari inayojirudia kwenye eneo kubwa lililojazwa ni lenzi chafu, reli chafu, au fokasi iliyohama kwa kuwa ubao wa kumiminwa hauna unene sawa.

Matundu hayalingani

Mashine za zamani hazifanani hata za jina moja. Usitumie faili la mtu mwingine bila kukata kwanza kwenye kadibodi. Skani bati lako pamoja na rula kando yake, chora juu ya picha, kisha hakiki umbali mrefu zaidi kwa venia. Leza hula kati ya milimita 0.1 na 0.2 ya upana, jambo lisilo na madhara kwa matundu ya milimita 5. Kosa kubwa zaidi ni kugeuza maandishi ili yachongwe nyuma na kusahau kugeuza matundu pamoja nayo. Geuza faili lote kwa mara moja.

Skrubu za mashine za Marekani mara nyingi ni za kipimo cha inchi. Ya 6-32 ina milimita 3.5, na tundu lake litaonekana kukubali skrubu ya milimita 3, ambayo italegea siku ya kwanza ya besi.

Inatetemeka

Paneli ya milimita 3 iliyoshikwa kwenye kona nne tu itaimba pamoja na sabufa. Bonyeza katikati kwa kidole muziki ukipiga. Kelele ikinyamaza, ni hiyo. Nenda milimita 5, ongeza nguzo moja katikati, au pitisha ukanda wa silikoni chini ya ukingo. Kelele isiponyamaza, tafuta skrubu iliyoanguka ndani. Chomoa fyuzi kabla ya kuitafuta.

Imegeuka manjano, au inavuta vumbi

Akriliki nzuri huvumilia jua miaka mingi. Iliyogeuka manjano nyuma ya kioo cha gari kwa kawaida ni polikaboneti isiyo na kinga ya miale ya jua, na dawa yake ni kuibadilisha.

Vumbi huvutwa na umeme tuli, ambao huwa mkali zaidi unapobandua karatasi ya kinga. Bandulia mbali na amplifaya iliyo wazi, kwani chaji hiyo inaweza kuumiza transista za ndani, kisha futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na uache paneli ikauke bila kuisugua.